Helmeti Nane Nilizozikata

Kijana wangu, kama sasa hivi umeshika helmeti ya mtu mkono mmoja na kisu mkono wa pili, weka kisu chini. Nisikilize kwanza. Ukimaliza kunisikiliza, kukiokota au kukiacha ni juu yako.

Mimi ni fundi mstaafu. Kibanda changu kilikuwa Mfaranyaki, hapa hapa Songea mjini, na nilikaa ndani yake tangu redio zilipokuwa kubwa kama sanduku la nguo. Nimetengeneza redio, nimefunga spika za makanisa na misikiti, nimefunga muziki kwenye mabasi. Miaka ya mwisho, kabla macho hayajanigomea, kazi iliyonipa jina ilikuwa kufunga intakomu, yaani vile vifaa vya kuongelea ndani ya helmeti. Dereva wa pikipiki anavaa chake, abiria wa nyuma anavaa chake, wanazungumza safari nzima bila kupiga kelele wala kugeuza shingo.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Issa, mtu wa Namtumbo. Alikuwa hana haraka na jambo lolote isipokuwa swala. Siku moja alinituma nifunge redio kwenye basi. Nikakuta waya mmoja umepita pale nilipotaka kuweka spika, nikaukata, nikaufungia utepe vizuri, nikasahau. Kesho yake basi lilipanda milima yote bila honi. Dereva alikuwa anatoa kichwa dirishani kila kona anapiga mbinja.

Mzee Issa aliniuliza, "Ule waya ulikuwa na kazi gani?"

"Sijui, mzee."

"Hukujua, ukaukata?"

Hakunipiga wala hakunifokea. Alinipandisha basi lile lile, akanikalisha jirani na dereva, akaniambia nisikilize. Sitaandika hapa maneno niliyoyasikia kutoka kwa yule dereva mpaka tunafika. Nilicheka miaka mingi kwa habari ile. Nilidhani nimeshajifunza.

Intakomu zilipoanza kuingia mjini, hakukuwa na wa kunifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mnunuzi wa tumbaku. Nilimfungia spika pale nilipodhani sikio lipo, akaenda hadi Namtumbo na kurudi bila kusikia neno. Sikio la mtu aliyevaa helmeti halikai pale unapoliona akiwa kichwa wazi. Linasukumwa, linajikunja. Kwa hiyo nikabuni njia yangu. Mpake mteja unga wa chaki kwenye sikio, mvalishe helmeti taratibu, afunge mkanda, akae kidogo, avue. Pale chaki ilipogusa ndipo spika inapokaa. Ukikosea kwa upana wa kidole, mwendo ukizidi kidogo upepo unameza maneno yote.

Maiki nayo ina adabu yake. Helmeti iliyofunika kidevu inataka maiki ndogo ya kubandika, iangalie midomo sawasawa. Helmeti iliyo wazi mbele inataka maiki yenye mkono, tena iwe na kofia yake ya sponji, la sivyo mwenzako atasikia upepo tu. Na mfundishe mteja kuizima. Kuna baba mmoja wa Bombambili alimshusha mkewe dukani, yeye akabaki nje na rafiki yake, akaanza kumweleza jinsi mwanamke yule anavyosema sana. Mama wa watu alikuwa ndani ya duka, helmeti bado kichwani, anasikia kila kitu. Alirudi nyumbani kwa miguu, na yule baba akaniletea intakomu niitoe.

Mtu akikuuliza anunue ipi, usimsifie ile inayodai kufika mbali. Dereva na abiria wake wako kiti kimoja, umbali wa nini? Angalia betri kama itamaliza kutwa. Angalia vitufe kama utavitambua kwa kidole chenye tope, bila kuona. Angalia mahali pa kuchajia kama pana kifuniko cha mpira, maana mvua za kwetu unazijua. Halafu shika spika yake, pima unene wake kwa vidole. Huo unene ndio ulionifikisha kwenye habari ninayotaka kukusimulia.

Palikuwa na nesi anaitwa Teresia, mama wa makamo, mkunga kwenye zahanati ya kijijini upande wa Maposeni. Mara mbili tatu kwa wiki alikuwa anazungukia wajawazito vijijini, na dereva wake alikuwa Deo, kijana wa bodaboda, mpole, mtoto wa mama mmoja mjane tunayesali naye parokia moja. Siku moja mfuko wa dawa ulidondoka njiani. Nesi akapiga kelele, akampiga Deo mgongoni, na Deo, akidhani anaharakishwa, akaongeza mwendo. Waliporudi nyuma mfuko haukuwepo tena. Wiki ile ile wakaja kibandani kwangu.

"Fundi," Nesi akasema, "nimechoka kuzungumza na mgongo. Tufungie."

Helmeti ya Nesi ilikuwa mpya, na kiwandani kwake walikuwa wameacha vishimo viwili mahali pa masikio, makusudi kwa ajili ya spika. Niliimaliza upesi. Ya Deo ilikuwa ya zamani kidogo, haina vishimo. Ndani, chini ya sponji laini, lilikuwa lile povu gumu jeupe, kama linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya. Nikabandika spika juu yake, nikarudisha sponji, wakaondoka.

Baada ya siku mbili Deo akarudi peke yake, sikio la kushoto limekuwa jekundu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Vipi tena?"

"Nasikia vizuri, ila sikio linaniwaka moto. Nikivaa nusu saa tu nataka kulia. Na Nesi ananisubiri stendi, tuna safari."

Hapo nilikuwa na njia mbili za haki. Ningeweza kumwambia atafute spika nyembamba zaidi. Ningeweza kumwambia kwamba helmeti ile haifai kwa intakomu, atafute nyingine. Zote mbili zingemchelewesha, nami nilitaka aondoke akinisifu. Nikachukua kisu. Nikalichimba lile povu upande wa kushoto, shimo la duara, pana kuliko kizibo cha soda, nikashuka mpaka karibu na gamba la nje. Nikaipumzisha spika humo, nikafunika kwa sponji. Ukiangalia huoni kitu.

Deo akavaa, akatabasamu. "Fundi, sasa nasikia kama tuko sebuleni."

Usifikiri moyo ulinisuta. Nilijiona bingwa. Tangu siku hiyo, kila aliyeniletea helmeti isiyo na vishimo nilimchimbia, na wengine niliwachimbia hata kabla hawajalalamika. Mara mbili nilitumia gundi ya supaglu, na nikaona povu linayeyuka kama sukari kwenye chai. Badala ya kuogopa, nikafurahi kwamba shimo limejichimba lenyewe. Wala sikujiuliza lile povu lina kazi gani mle ndani. Nilidhani ni la kujaza nafasi tu, na kwamba gamba gumu la nje ndilo linalolinda kichwa.

Ajali ilitokea mchana, manyunyu yakidondoka, Deo na Nesi wakirudi kutoka vijijini. Nakueleza kama Nesi alivyonieleza. Walikuwa wanateremka kwenye kona, mbwa akakatiza. Deo akasema ndani ya maiki, "Nesi, nishike!" Hakumaliza hata kuvuta pumzi. Pikipiki ikateleza, Nesi akarushwa upande wa kulia kwenye nyasi, Deo akarushwa upande wa pili, akaingia mtaroni pamoja na pikipiki, na kichwa kikapiga ukingo wa kalavati.

Nesi alisimama. Helmeti yake ilikuwa imekwaruzwa vibaya juu ya sikio, lakini yeye alikuwa na michubuko tu na mkono umeteguka. Akaangaza macho barabarani, hamuoni Deo. Majani yalikuwa marefu na mtaro una kina. Akaita kwa sauti, kimya. Halafu akasikia mtu anapumua sikioni mwake.

"Intakomu ilikuwa bado inafanya kazi," aliniambia. "Nilimsikia anakoroma kama mtu aliyelala na mafua. Nikajua yu hai. Nikawa namwambia, 'Deo, nipo, usilale, gonga kitu, gonga chochote.' Akagonga. Sijui kwa mguu au kwa nini, lakini niligundua ni bati la pikipiki, nikafuata ule mlio mpaka mtaroni."

Alimkuta amelala kifudifudi, maji ya mtaro yakimkaribia puani. Angechelewa kidogo, asingemkuta hai. Alimgeuza kwa mkono mmoja, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Siku ya nane baada ya ajali, Nesi Teresia alikuja kibandani mkono umefungwa kitambaa shingoni, amebeba helmeti zote mbili kwenye kiroba. Deo alikuwa wodini. Alikuwa amezinduka siku ya tatu, fuvu limepasuka upande wa kushoto.

"Nimekuja kukushukuru, fundi," akasema. "Bila kifaa chako ningepita juu ya mtoto wa watu nisimwone. Naomba uvitoe humu, utufungie kwenye helmeti mpya. Hizi hazivaliwi tena."

Ya kwake niliifungua mbele yake. Povu lilikuwa limebonyea pale lilipopigwa, limekunjamana, lakini limekaa lote mahali pake. Nilipolitazama lile bonyeo ndipo nilipoelewa, uzeeni kwangu, kazi ya povu. Linabonyea lenyewe ili kichwa kisibonyee.

Ya Deo sikuifungua. Nikamwambia Nesi, "Niachie mpaka kesho," akaaga. Ndipo nikafunga mlango wa kibanda, nikatoa sponji. Povu lilikuwa limepasuka vipande vitatu, na nyufa zote tatu zilianzia kwenye shimo langu. Spika yenyewe ilikuwa imezama ndani yake, na ukingo wake una damu iliyokauka.

Kijana wangu, nakuambia kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa jiko la mkaa la jirani. Povu linaungua dakika moja. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nesi alikuwa amekuja kunishukuru. Na mimi si daktari. Ajali ni ajali, kalavati ni zege, nani angeapa kwamba bila lile shimo Deo angesimama kama Nesi alivyosimama? Hata leo siwezi kuapa. Niliyasema yote hayo moyoni huku nimeshika helmeti ya mtoto wa mjane.

Nilirudi nyumbani mapema. Mke wangu Anastazia alikuwa anapeta mahindi uani. Aliniona nimebeba kiroba, akaniona uso, akaweka ungo chini.

"Kuna nini?"

Nikamweleza. Halafu akauliza, "Jumapili ukikutana na mama yake Deo kanisani, utampa mkono?"

"Nitampa."

"Huku unajua na yeye hajui?"

Akachukua ungo wake, akaendelea kupeta, akasema bila kunitazama, "Nenda kesho asubuhi. Ukisubiri keshokutwa hutaenda."

Nilikwenda. Wodi ilikuwa imejaa, ndugu wa wagonjwa wamekaa mpaka kwenye vitanda. Deo alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, amekonda. Mama yake alikuwa pembeni, anamnywesha uji kwa kijiko. Walifurahi kuniona. Mama akanipisha kwenye kiti chake. Nilikataa kukaa.

Nilisema kwa sauti ya chini, haraka haraka, nimeangalia shuka. Kwamba nililikata povu la helmeti yake. Kwamba sikumwambia. Kwamba limepasukia pale nilipokata.

Deo akageuza kichwa taratibu kwa maumivu, akanielekezea sikio la kulia.

"Samahani fundi, upande huo sisikii tena. Rudia, tena kwa nguvu kidogo."

Ikabidi nirudie. Nikasema kwa sauti ya kusikika, na wodi nzima ikageuka kunisikiliza. Nimewahi kuungama mara nyingi maishani mwangu kwa padri, kwa kunong'ona. Ile ya siku ile sikuinong'ona.

Deo akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia, fundi? Ningesubiri. Ningemwambia Nesi anisubiri."

"Nilitaka uondoke umefurahi."

"Niliondoka nimefurahi," akasema, akafumba macho.

Mama yake alinyoosha mkono, nikampa helmeti. Akaigeuza, akaingiza kidole chake kwenye lile shimo, kikazama mpaka fundo la pili. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Akaniuliza, "Zipo nyingine ulizozikata?"

"Zipo, mama."

"Ngapi?"

Nikahesabu kichwani. "Pamoja na hii, nane."

"Basi hapa umesimama unafanya nini?"

Niliondoka wodini wakati ule ule. Nilifunga kibanda, nikaanza kuzitafuta zile saba. Mbili nilizipata siku hiyo hiyo kwenye vijiwe vya mjini. Mwenye ya kwanza alidhani nimechanganyikiwa. "Mzee, helmeti imenoga, wewe unataka kuniharibia." Nikamwambia aweke dole gumba chini ya sponji. Akaweka, akavua koti lake akaifunga ndani kama mtu anayefunga nyoka. Mwenye ya pili alinikunja shati mbele ya wenzake. Alikuwa na mke na watoto wawili anaowapakia kila asubuhi, akawataja majina yao wote mbele yangu. Sikujitetea. Waliotaka nyingine niliwanunulia, na kila mmoja nilimfungia upya bila kugusa povu, na safari hii nilimwonyesha ndani kabla sijafunika.

Moja niliifuata Peramiho. Moja Hanga, kwa mkulima aliyekuwa anaivaa hata akivuta maji kisimani kwa sababu ilikuwa inamwimbia nyimbo za simu. Tulicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu ajali. Mbili nyingine zilikuwa za ndugu wawili wa Msamala. Walizileta wenyewe waliposikia, wakaziweka mezani, wakaondoka bila salamu. Wateja walipungua sana. Wapo waliosema mzee yule ndiye aliyemvunja Deo kichwa. Sikuwa na la kuwarekebisha.

Deo alipona, ila sikio la kushoto halikurudi, na pikipiki hakuipanda tena kama dereva. Leo anauza vipuri vya pikipiki, na mtu akija kununua helmeti kwake humgeuzia ndani kwanza, anambonyezesha povu, anamweleza. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwomba aseme. Tukikutana ananiambia, "Shikamoo fundi," namwitikia, ananipa sikio la kulia, tunazungumza habari za mahindi na mvua. Mama yake alinipa mkono Jumapili moja, mwezi wa pili baada ya ajali. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, aliona.

Kwa hiyo, helmeti isiyo na vishimo, tafuta spika nyembamba. Ukikosa, mrudishe mteja na pesa yake mfukoni. Bandika kwa mkanda wa manyoya unaonata, kama ule wa viatu vya watoto, usitumie gundi inayoyeyusha. Waya upite chini ya sponji, usipite ndani ya povu. Sauti isizidi kiasi, dereva asikie honi ya lori nyuma yake. Na usimkabidhi mtu kazi mezani. Mpe avae, aende mpaka kona ya mbali na arudi, akuambie. Akikuambia panauma, mwambie ukweli, hata kama mtu anamsubiri stendi.

Umehesabu? Ya Deo, mbili za vijiweni, Peramiho, Hanga, mbili za Msamala. Ni saba. Ya nane ilikuwa ya kijani yenye mstari mweupe, ya mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Nilipofika kwake alishika kiuno, akasema aliiuza siku ya mnada kwa msafiri aliyekuwa anaelekea Tunduru. Jina la msafiri hakulijua. Nilikwenda Tunduru mara mbili, nikazunguka vijiwe vyote, nikaacha maneno kwa kila fundi. Haikuonekana.

Kwa hiyo ukiniona nimekaa kibarazani mwangu karibu na barabara, ukaona nainua mkono kusimamisha pikipiki, usidhani naomba kupakiwa. Juzi alipita mama mmoja anayepeleka maziwa mjini, helmeti ya kijani. Nikamsimamisha. Akazima injini, akaniamkia, akauliza nina shida gani. Nikamwomba aivue nimwangalizie ndani mara moja. Alishangaa, lakini akavua. Nikaingiza vidole chini ya sponji, kushoto, kisha kulia. Povu lilikuwa zima, na mstari mweupe haikuwa nao.

"Unatafuta nini, baba?" akauliza.

"Nimeshaangalia," nikamjibu. "Iko salama."

Akaivaa, akawasha pikipiki. Nikamwonyesha kidevuni, kwamba hajafunga mkanda. Akaufunga, akaenda zake.